Nyumba ya kuonjea asali Tabora: kukaa na miombo bila kugombana na nyuki

Mwezi wa tisa mwaka jana kikundi kimoja cha warina asali, njia ya kwenda Sikonge, kiliniita niwaangalizie ramani waliyochorewa mjini. Walitaka nyumba ya kuonjea asali. Mgeni afike, akae, aonje asali za aina nne au tano, auone msitu zilikotoka, kisha anunue. Ramani ilipendeza kuitazama: ukumbi mmoja mrefu, vioo kuanzia sakafuni hadi darini pande tatu, meza ndefu katikati, na nje ya vioo mizinga imepangwa kama maua ya bustani, hatua kumi kutoka kwenye viti. Aliyeichora alikuwa ameona picha za nyumba za kuonjea mvinyo za Ulaya na Marekani. Aling'oa mizabibu akaweka mizinga, vingine akaviacha vilivyo.

Mzee mmoja wa kikundi aliikodolea macho ile karatasi, kisha akaniuliza kwa dhati kabisa, "Mwanangu, hao wageni watakuja na nguo zao za kujikinga, au tutawaazima zetu?"

Nimelifikiria swali hilo tangu siku ile. Watu wengi huniambia wanataka jengo "linaloendana na mazingira", na ukiwauliza wana maana gani wanataja madirisha makubwa, mbao na paa la nyasi. Lakini jengo la kuonjea kitu huendana na mazingira yake pale linapokubali masharti ya kile kinachoonjwa. Mvinyo una masharti yake. Asali ina yake, na karibu yote ni kinyume cha yale ya mvinyo.

Tuanze na mvinyo, maana mtindo huu ulianzia huko. Shamba la mizabibu ni mistari. Mmea umepandwa na mtu, unapogolewa na mtu, unasimama palepale miaka nenda rudi, na mnywaji anaweza kutembea katikati ya mistari glasi ikiwa mkononi. Kazi ya mjenzi wa huko ni kumsogeza mgeni karibu na shamba kadiri anavyoweza. Katika bonde la Napa, California, kuna jengo la kutengenezea mvinyo la Dominus lililosanifiwa na wasanifu wa Uswisi, Herzog & de Meuron miaka ya 1990. Kuta zake ni vizimba vya waya vilivyojazwa mawe meusi ya basalti yaliyochimbwa jirani. Joto la mchana linaishia kwenye mawe, mwanga unapenya katikati yake kama unavyopenya kwenye majani. Jengo ni refu na fupi kwa kimo, ukiwa mbali unaona mistari ya mizabibu na vilima nyuma yake. Italia, upande wa kusini wa Firenze, jengo la mvinyo la Antinori lililofunguliwa mwaka 2012 limefukiwa ndani ya kilima na mizabibu imepandwa juu ya paa.

Ukiyatazama haraka utadhani wasanifu hao walikuwa wanatafuta uzuri tu. Lakini mvinyo unaokaa kwenye mapipa unataka ubaridi usiopanda na kushuka, na mawe mazito na udongo wa kilimani vinaulinda ubaridi huo. Mandhari ilifaidika kwa sababu pipa lilisikilizwa. Hata Dodoma, kwenye mizabibu ya Makutupora, atakayejenga vizuri ataanza na swali hilohilo la joto, kisha mistari ya shamba itamwonyesha jengo lilale upande gani.

Sisi Tabora zao letu halikai mistarini. Linaruka.

Asali yenyewe ni kitu chenye mvuto, na kila anayechora chumba chake ajue inavuta nini. Inavuta unyevu. Asali iliyoiva vizuri ina maji kama asilimia 17 au 18. Yakizidi 20 iko hatarini kuchacha. Ikiachwa wazi mahali ambapo unyevu wa hewa umepita asilimia 60 hivi, inakunywa maji kutoka hewani kimyakimya, kuanzia juu. Wakati wa kiangazi hatuna tatizo hilo, hewa ya Tabora hukauka mpaka midomo inapasuka. Lakini kati ya Novemba na Aprili, mvua ikishashika, chupa iliyokaa wazi mezani tangu asubuhi haina asali ileile jioni. Inavuta harufu pia: rangi mpya ya ukutani, mafuta ya taa, kahawa inayochemka chumba cha pili, manukato ya mgeni aliyetangulia. Na inavuta nyuki. Mmoja akishaonja anarudi mzingani, anacheza ile ngoma yake ya kuwaonyesha wenzake njia, na muda si mrefu chumba kimekuwa chao.

Hapo ndipo fundo lilipo. Joto la Tabora linataka nyumba iliyo wazi, upepo uingie huku utokee kule. Mgeni naye amekuja kuuona msitu, hataki kufungiwa. Asali inataka chumba kikavu kilichofungwa. Ile ramani ya vioo ilijaribu kuwaridhisha wote kwa chumba kimoja, na isingemridhisha yeyote: pande tatu za vioo zingekuwa tanuri ifikapo Oktoba, wangefungua milango, na nyuki wangeingia.

Njia niliyoona inafaa ni kugawa nyumba mbili chini ya paa moja. Mbele baraza pana lisilo na ukuta. Hapo mgeni anapokelewa, anakunywa maji, anaelezwa habari za msitu, anashika mzinga wa gogo na mzinga wa gome kwa mikono yake. Nyuma yake chumba kidogo cha kuonjea chenye kuta nene, watu kumi na wawili kwa zamu, nusu saa inatosha. Asali haitoki kwenda barazani isipokuwa imefungwa ndani ya chupa. Sheria hiyo moja inaokoa mambo mengi sana, na isipofuatwa hakuna ramani itakayosaidia.

Nieleze kidogo kuhusu dirisha, maana nilijifunza kwa macho. Nyuki mkubwa, yule anayeuma, hapiti kwenye wavu wenye matundu ya milimita 3. Nyuki wadogo wasiouma wanapita, na asali yao, ile nyepesi yenye uchachu, ikiwa mezani watakuja kuidai, kwa hiyo wavu uwe wa mbu. Bado siku zote kuna nyuki wawili watatu watakaoingia mgongoni mwa mtu au kwenye ndoo. Nyuki aliye ndani ya chumba hufuata mwanga, anakwenda dirishani na kuanza kupanda. Kwenye nyumba za kukamulia asali wavu hupigiliwa upande wa nje wa fremu, ukapandishwa kama sentimita 20 kupita juu ya dirisha, na huko juu kabisa ukaachwa upenyo mwembamba kati ya wavu na ukuta. Nilisimama siku moja nikamfuatilia nyuki mmoja. Alitambaa, akateleza, akatambaa tena kwa ukaidi, akafika juu, akatoka. Dakika chache baadaye walikuwepo wengine upande wa nje wakigonga wavu palepale katikati, mahali harufu inapotokea. Mlango ulikuwa juu ya vichwa vyao na hakuna aliyeutambua. Kifaa hicho kinagharimu mita moja ya wavu na misumari.

Milango ya watu iwe miwili, na katikati yake kijia kifupi chenye giza. Nyuki hapendi kuingia gizani.

Sasa mizinga iwe wapi? Nyuki wetu hulinda nyumba yao kwa ukali, na hawapendi mtikisiko, jasho wala nguo nyeusi zikiwa karibu. Mimi sikubali manzuki, yaani mahali inapowekwa mizinga, iwe chini ya mita 200 kutoka barazani, na katikati pabaki kichaka kizito chenye kimo kinachompita mtu. Kichaka hicho kinafanya kazi: nyuki wakitoka wanalazimika kupanda juu ndipo waelekee malishoni, hivyo njia yao inapita juu ya vichwa vya watu. Ile mizinga ya maonyesho barazani nayo ina hatari yake. Mzinga mtupu wenye harufu ya nta ni mwaliko. Warina asali hupaka nta makusudi ili kundi linalohama lihamie humo. Kwa hiyo mzinga wa kuonyesha wageni uwe haujawahi kupakwa nta, na uwe wazi ncha zote mbili, jua na upepo vipite. Vinginevyo mtakuta una wenyewe asubuhi ya siku ya wageni.

Na maji. Kiangazi kikikaza, nyuki hutafuta maji kama ng'ombe, na bomba linalovuja karibu na jiko litawaleta makundi kwa makundi. Wachimbiwe birika lao upande wa manzuki, lenye vijiti vya kuelea wasizame, lijazwe kila siku bila kukosa. Waanze kulizoea kabla wageni wa kwanza hawajafika, maana nyuki akishazoea mahali pa kunywa kumhamisha ni kazi.

Nimesema habari za nyuki kwa urefu kwa sababu ndizo zinazosahauliwa. Turudi kwenye ardhi. Nchi ya Unyamwezi ina mteremko wa taratibu usioonekana mpaka mvua inyeshe. Juu kuna majabali na kichanga, humo ndimo miombo inasimama: mtundu, myombo, mninga. Chini kuna mbuga, udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika. Usijenge mbugani, msingi utatembea. Lakini usiingie sana ndani ya msitu pia. Ukiwa katikati ya miombo unaona vigogo tu, macho yanagonga hatua thelathini mbele. Mahali pazuri ni ukingoni, pale miti inapoishia na mbuga kuanza, ili mgeni aketi kwenye kivuli cha miombo ya upande huu na autazame ukuta wa miombo ya upande wa pili. Aliyewahi kuona miombo ikichipua Septemba au Oktoba, kabla hata tone la mvua halijaanguka, majani machanga yakiwa mekundu kama shaba, anajua kwa nini nalilia hizo hatua za ukingoni.

Jua linafuata. Tabora iko kama digrii 5 kusini mwa ikweta. Juni jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, kimo cha digrii 61 au 62. Desemba liko kusini, kama digrii 71. Machi na Oktoba linapita utosini. Kuta ndefu za nyumba zitazame kaskazini na kusini, kuta fupi zipokee mashariki na magharibi ambako jua hulala na kuchoma. Ukuta wa kaskazini wenye kimo cha mita 3 unahitaji paa lililotoka nje mita 1.6 ili Juni adhuhuri uwe wote kivulini. Kusini mita 1 inatosha kwa jua, ingawa kwa mvua ya upepo ningeongeza.

Ukilijua hilo, unajua pia baraza na dirisha la kuonjea vitazame wapi. Wageni wengi watafika kiangazi, barabara zikiwa kavu, na mavuno makubwa yakiwa yametoka tu msituni. Miezi ya Mei hadi Agosti jua liko kaskazini, yaani mgongoni mwa anayetazama kusini. Haliingii machoni, linaipiga miti iliyo mbele yake, na mwanga unaoingia dirishani ni mtulivu usio na miale. Ndio mwanga unaofaa kusomea rangi ya asali. Upepo wa kiangazi hutoka zaidi mashariki na kusini mashariki, kwa hiyo manzuki ikae upande huo, ili harufu ya asali, moshi wa jiko na manukato ya watu vipeperushwe kwenda mbali na mizinga.

Dirisha lenyewe nililichora moja tu, refu na la chini, linaloanzia sentimita 60 kutoka sakafuni, ili aliyeketi aone nyasi na vigogo kabla ya anga. Kuta zilizobaki hazina kitu. Aliyenifundisha hilo ni tembe, nyumba yetu ya jadi ya udongo. Wanaofika Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, hukimbilia kusoma habari zake, nami naelewa. Lakini siku moja usisome, simama tu ukumbini saa saba mchana. Kuta nene za udongo, matundu machache, ua wa ndani wenye kivuli. Nje jua linawaka, ndani unavuta pumzi. Paa lake la asili, lile bapa la udongo, linataka kutunzwa kila mwaka na mimi sikulichukua. Unene wa ukuta na uchache wa madirisha nimeuchukua wote.

Udongo upo. Wa kichuguu, uliochanganywa na kichanga na saruji kidogo kisha kushindiliwa kwenye mashine, hutoa tofali la kufungamana ambalo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umelihimiza kwa miaka mingi. Haliendi tanuruni. Kwangu hili si suala la gharama peke yake. Tofali la kuchoma linakula kuni, na kuni za Tabora ni miombo, ile ileile ambayo mabani ya kukaushia tumbaku yamekuwa yakiila kwa miongo mingi. Nyumba ya asali iliyojengwa kwa matofali ya kuchoma imeanza kwa kuwanyang'anya nyuki chakula. Kenchi ziwe za miti ya kupandwa. Mninga ni mbao nzuri, mchwa hawauwezi moyo wake, na bado ningeuacha usimame utoe maua. Msingi nao uzunguke mizizi. Pale usipoweza kuzunguka, tumia nguzo badala ya mtaro. Miombo ina huruma kwa kiasi fulani: kisiki kilichokatwa huchipua chenyewe, ukikikinga na moto na mifugo. Ila chipukizi hilo utangoja miaka mingi mpaka liwe mti wa kuning'iniza mzinga.

Paa liwe la bati la rangi nyepesi na dari chini yake, na nafasi ya hewa kati ya viwili hivyo. Nyasi zinapoza kuliko bati na hazipigi kelele mvua inaponyesha, lakini mbuga ikiwaka Agosti cheche husafiri mbali. Kwa sababu hiyohiyo njia ya kuzuia moto isafishwe kila mwaka kuzunguka eneo zima, manzuki ikiwemo. Bati lina faida nyingine: kwa mvua ya milimita 900 kwa mwaka, paa la mita za mraba 100 linaweza kukusanya lita 70,000 na zaidi, hata ukitoa zinazopotea. Hayo ni maji ya birika la nyuki na ya kuoshea vijiko.

Ndani, chokaa nyeupe. Fundi wa kikundi alikuwa ameshapendekeza rangi ya dhahabu "kwa kuwa ni asali". Nilimwomba achukue kijiko cha asali akisogeze kwenye karatasi nyeupe, kisha kwenye kitambaa cha njano. Asali ilikuwa ileile na rangi zikawa mbili. Meza na viti visipakwe vanishi yenye harufu, na hapa kuna jambo lililonishangaza mwenyewe: visipakwe nta pia. Ni dawa nzuri ya mbao, ni mali ya kikundi, inang'aa. Lakini inanukia mzinga, nayo itamchanganya anayeonja na kumwita nyuki. Barazani pia isitumike. Mbao zisuguliwe tu, ziachwe.

Yule mzee ndiye aliyetuonyesha namna ya kuonja. Alijiweka dirishani, akainua kijiko, akaiacha asali ianguke kwa uzi mmoja bila kukatika. "Tazama inavyoanguka kabla hujailamba," alisema. Alianza na nyepesi akaishia na nyeusi, katikati anasukutua kwa maji ya uvuguvugu na kutafuna kipande cha tobolwa, yaani kiazi kitamu kilichochemshwa na kukaushwa. Aliweka pia chupa ya asali iliyoganda, na nilifurahi. Mteja wa mjini akiiona imeganda anadhani ina sukari ya dukani. Asali nyingi huganda yenyewe, upesi zaidi kwenye ubaridi wa digrii 14 hivi, na usiku wa Juni na Julai hapa Tabora unakaribia huko. Chupa hiyo ikae mezani siku zote, karibu na ndugu yake ambayo haijaganda, mgeni alinganishe mwenyewe. Asali yenye moshi nayo iwepo, ili ajue mwenge uliotumika wakati wa kurina unaacha nini ulimini.

Waliuliza pia wanzuki, ile pombe ya asali, itawekwa wapi. Nimeitenga: kibanda kidogo upande wa magharibi, upepo unakokwenda, kwa sababu kinachochacha hakikai chumba kimoja na asali mbichi.

Kwa kuwa eneo liko karibu na msitu wa hifadhi, kikundi kimeshapeleka barua ya kuomba kibali kwa Wakala wa Huduma za Misitu. Wakati wanasubiri, tumepima kwa kamba na vigingi. Choo kilikuwa kimeangukia kwenye mtundu mmoja mkubwa, tumekisogeza hatua nane. Birika la nyuki limeshachimbwa na kuwekewa vijiti, na mjukuu wa yule mzee ndiye anayelijaza kila asubuhi. Mara ya mwisho nilipopita, bomba la jikoni lilikuwa likidondosha maji kama kawaida yake, na hapakuwa na nyuki hata mmoja.